Kabla hujafika Ufaransa, pitia kwanza Kwihara

Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Kwanza majaribio, halafu umeme, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki kitu cha maana. Sasa bumu limeingia, nimekula, nimeshiba, na nina dukuduku ambalo nisipolitoa leo litaniharibia hata usingizi wa Jumapili.

Iko hivi. Alhamisi iliyopita kwenye kipindi cha utalii mwalimu alituwekea filamu fupi ya Saint-Émilion, mji mdogo wa Ufaransa ulio karibu na Bordeaux. Mji wenyewe ni wa mawe, mitaa yake myembamba kama ya Mji Mkongwe, kuna kanisa lililochongwa ndani ya mwamba, na pande zote ni mizabibu mpaka macho yanachoka. Watalii wanafika, wanatembea shambani, mwenye shamba anawaonjesha mvinyo wake, wanakula chakula cha pale pale, jioni wanakaa mahali palipoinuka wanaangalia jua likizama juu ya mashamba. Basi. Hakuna simba, hakuna mlima wenye theluji, hakuna bahari. Ni shamba na kijiji na chakula. Na UNESCO waliliingiza eneo lile kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, mashamba na vijiji vyake kwa pamoja, kama mandhari ambayo watu wameitengeneza kwa mikono yao kwa mamia ya miaka na bado wanaifanyia kazi.

Darasa zima likapumua. Dada mmoja nyuma yangu akasema, "Mungu nipe siku moja tu pale, hata nikirudi na miguu." Mimi nami nilitamani, nisiwe mnafiki. Ndipo mtani wangu Mzaramo akageuka akaniambia kwa sauti ya kusikika na wote, "We Mnyamwezi, na nyie leteni filamu yenu basi. Mtaonyesha nini, miembe?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mtani hakasirikiwi. Lakini usiku ule nikawa najigeuza kitandani. Chumbani tuko wanne. Nikauliza gizani nani ameshafika Kwihara. Kimya. Wanakaa mji huu mwaka wa pili sasa, wanajua bei ya chipsi kila kona, lakini Kwihara, ambako ukipanda bodaboda ni mwendo wa nusu saa hivi, hakuna aliyefika. Mimi nilifika nikiwa darasa la sita, tukapangwa mstari, tukaambiwa hapa alikaa Livingstone, tukapigwa picha, tukarudi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo ya kumjibu mtani. Aibu.

Kwa hiyo Jumamosi tukaenda, mimi, mtani na yule dada wa "siku moja tu pale". Na leo naandika msimamo wangu, mtakaonipinga mnipinge.

Nianze na nyumba yenyewe. Ni tembe, paa lake bapa, kuta nene za udongo mwekundu, ua katikati, na mlango uliochongwa nakshi kama wa Unguja. Anayetaka kuelewa njia ya misafara asimame mbele ya mlango ule dakika mbili: ujenzi wa Unyamwezi na nakshi za pwani kwenye ukuta mmoja, mamia ya kilomita kutoka baharini. Nyumba ya kwanza ilikwishaanguka, hii imejengwa upya kwa mfano wake. Stanley na Livingstone walifika hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka Machi kuelekea pwani. Livingstone akabaki mpaka Agosti.

Sasa ulizeni alibaki anafanya nini miezi mitano yote ile. Alikuwa anasubiri wapagazi! Stanley alifika pwani, akaajiri watu, akawatuma bara, na mpaka walipoingia Kwihara mzee wa watu hakuweza kwenda popote. Sisi darasa la sita tulifundishwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa anatembea na wengine wanamfuata. Ukikaa pale kwenye baraza unaona kinyume chake. Barabara nzima ilikuwa mabegani mwa wapagazi. Wakitua mizigo chini, hakuna mvumbuzi, hakuna pembe ya ndovu, hakuna biashara wala barua.

Na kuna jingine ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote ya nyumba ile. Livingstone alifariki Mei 1873, huko ambako leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili, wakauzoa, wakaanza safari ya kuurudisha pwani. Oktoba mwaka ule wakafika hapa Kwihara, wakamkuta Mwingereza mwingine, Cameron, ambaye alikuwa ametumwa kumtafuta huyo huyo Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Wakanyanyua mzigo wao wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Fikiria hao watu wamesimama mahali unaposimama wewe, wamechoka, wana njaa, Mzungu mwenye cheo anawaambia inatosha, wao wanasema hapana, tumeahidi. Yule dada akanyamaza kabisa. Baadaye akaniuliza, "Kwa nini hili hatukuambiwa?" Sikuwa na jibu.

Mwaka 2006 mwanahistoria mmoja, Stephen Rockel, alitoa kitabu kizima kuhusu wapagazi, na anaonyesha kwamba wengi wa Wanyamwezi waliobeba mizigo njia hii walikuwa wafanyakazi wa kulipwa, watu wenye ujuzi wao, sheria zao za msafara, viongozi wao na heshima yao, si watumwa wa mtu. Kijana ambaye hajawahi kufika pwani kwa miguu alikuwa bado mtoto machoni pa wenzake. Mzigo wa pauni sitini au sabini begani, miezi mitatu njiani. Na sisi tukitumwa kubeba ndoo ya maji ghorofa ya pili tunalalamika.

Hata huu utani wangu na Mzaramo umezaliwa kwenye njia hiyo hiyo. Babu zangu walipita kwao wakiwa na pembe na nta, wakalala kwao, wakagombana, wakapatana, wakazikana. Utani ukabaki. Neno hongo nalo, ambalo leo tunalijua kwa mambo ya aibu tu, lilikuwa ushuru halali aliolipwa mtemi ili msafara upite kwenye nchi yake salama. Nikimwambia Mfaransa kwamba nimerithi mtani kutoka karne ya 19, na kwamba siku ya msiba kwetu anaruhusiwa kuingia na kufanya vituko watu wakiwa wanalia, ataona hiyo ni hazina. Sisi tunaona ni mambo ya kawaida tu.

Sasa kabla hamjasema nauza historia kama pipi, ngoja nilisogelee lile zito. Njia hii ilipitisha watumwa. Watu waliofungwa kongwa na minyororo walipita hapa Unyanyembe, wengine waliuzwa hapa hapa, na wafanyabiashara wakubwa waliokaa kwenye matembe kama haya walitajirika kwa pembe na kwa watu. Nao watawala wetu hawakuwa na mikono mitupu katika hili, tuwe wakweli. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO jina la njia hii, njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, likaingia kwenye orodha ya awali pamoja na vituo vyake kama Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Orodha ya awali ni foleni tu. Ukiingia humo haujawa urithi wa dunia bado.

Mtani wangu hapo akasema ndiyo maana Ufaransa ni rahisi, wao wana mvinyo tu, sisi tuna vilio. Nikamwambia kaka, soma. Bordeaux, mji ule ule wa mvinyo, ulikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa katika karne ya 18, na yale majumba mazuri ya mawe kando ya mto hayakujengwa kwa zabibu peke yake. Walikaa kimya miaka mingi. Mwaka 2009 jumba lao la makumbusho la Aquitaine lilifungua vyumba vya kudumu vya kueleza biashara hiyo, na mwaka 2019 wakasimamisha kando ya mto sanamu ya mwanamke aliyeitwa Al Pouessi, ambaye waliomnunua walimbatiza Modeste Testas. Unajua alizaliwa wapi? Upande huu wetu, Afrika Mashariki, inaaminika ni Ethiopia. Akanunuliwa na ndugu wawili wa Bordeaux, akapelekwa mpaka koloni ambalo leo ni Haiti. Na watalii bado wanakwenda, wanasimama mbele ya sanamu, halafu wanakwenda kula.

Basi wenzetu wanacho chakula na wanayo aibu, na wameanza kuviweka wazi vyote viwili. Sisi tumechukua aibu, tukaipa jina la Mzungu aliyekuja kuitazama, na chakula tumekisahau kabisa. Naomba sasa tuingie kwenye chakula.

Tabora ukitaka kuielewa usianzie kwenye ngome. Anzia kwenye asali. Mimi nimezaliwa upande wa Sikonge, na babu yangu mzaa mama amening'iniza mizinga msituni tangu ujana wake. Kwetu msitu ni miombo, lakini babu hasemi miombo, anaita kila mti kwa jina lake: mtundu, muba, mninga, mkurungu. Akionja asali anafumba macho kwanza. Halafu anasema hii nyuki wamekula mtundu, hii ni ya muba, hii umeirina kabla haijaiva, umekosa subira kijana. Siku moja nilimletea asali niliyonunua Dar, kwenye chupa imeandikwa kabisa kwamba ni ya Tabora. Akalamba, akarudisha kijiti, akasema, "Mchumba wangu," (ndivyo anavyoniita, mambo ya babu na mjukuu) "hii haijawahi kumwona nyuki." Tulicheka, lakini pesa yangu ilikuwa imekwenda.

Jamani hicho alichokifanya babu ndicho kile kile tulichokiona kwenye filamu, yule mzee wa Kifaransa anazungusha glasi, ananusa, anataja kilima. Tofauti ni kwamba kilima cha mzee yule kina jina kisheria. Ufaransa wana utaratibu tangu 1935 kwamba mvinyo ukiitwa kwa jina la mahali lazima uwe umetoka pale, kwa zabibu zilizokubaliwa na kwa namna iliyokubaliwa. Kule Burgundy wamekwenda mbali zaidi, wamehesabu vipande vya mashamba 1,247, kila kipande na jina lake na ladha yake, na vyote vikaingia urithi wa dunia mwaka 2015. Vipande vingine vidogo kama kiwanja cha mpira. Sisi tuna asali ambayo mzee asiyejua kusoma anaweza kukwambia imetoka mti gani, na tunaiuza dirishani mwa treni kwenye chupa za pombe kali zilizooshwa, haina jina, haina kijiji. Ikifika Dar inachanganywa na maji ya sukari. Anayeharibiwa jina hapo ni babu.

Na msinielewe vibaya nikitaja mvinyo. Mvinyo Watanzania tunao, zabibu za Dodoma mnazijua, ziko kwenye reli hii hii tunayopanda. Huku kwetu kinywaji cha asali ni wanzuki, na anayekunywa anywe kwa kiasi, mimi si msemaji wake. Ninachopenda kuhusu asali ni kwamba hata ustaadhi wa Tabora mjini anaweza kukaa na mgeni akaonja aina tano bila kuvunja udhu. Saint-Émilion hawana hiyo, hahaha.

Chakula kingine kipo. Tulipotoka Kwihara tulipita kwa mama mmoja ninayemfahamu, akatuwekea matobolwa na chai. Kwa msiojua: ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Vinakaa miezi. Ukitafuna polepole utamu unakuja wenyewe, na ukiviloweka kidogo na karanga pembeni umepata kifungua kinywa cha mfalme. Mtu yeyote anayejua safari ataelewa mara moja kwa nini watu wa huku wanapenda chakula kikavu, chepesi, kisichooza. Mtani akatafuna kipande cha kwanza kama anatafuna kiatu. Cha pili akanyamaza. Cha tano nikamwona anaweka mfukoni.

Mvua zikianza kuna uyoga wa porini, mama zetu wanauweka barabarani kwenye mabeseni, wa kila rangi, na wao ndio wanaojua upi unaliwa na upi unaua. Kuna furu na ntalali, matunda ya porini ambayo tulikuwa tunayaokota tukitoka shule mpaka midomo inakuwa myeusi. Kuna nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ukiyapika kwa karanga na ugali unasahau nyama. Mtani akauliza nani atatoka Ulaya kuja kula majani makavu. Nikamwuliza kama anajua watu wa Burgundy wanajivunia nini mezani. Konokono. Wanawapika kwa siagi na kitunguu saumu, na watu wanapanda ndege kwenda kuwala. Akasema astaghafirullah, na mjadala wa majani makavu ukaishia hapo.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe linaloniuma, na hili naandika taratibu.

Mwezi wa sita nilikuwa nyumbani. Msimu wa kurina. Zamani wanawake hatukuwa tunakwenda kambini, wanaume ndio walikuwa wanaingia msituni wiki kadhaa, lakini babu sasa amezeeka na mizinga iliyobaki iko karibu, nikambembeleza akanichukua. Tukatoka alfajiri, mwangaluka kwa kila tunayekutana naye, tukatembea. Tukafika mahali akasimama. Nikadhani amechoka. Akasema, "Hapa palikuwa na mitundu yangu saba." Hapakuwa na mtundu hata mmoja. Palikuwa na visiki, na mbele yake shamba lililokwishavunwa tumbaku, na pembeni bani la kukaushia, milango wazi, na rundo la magogo lililobaki. Akaongeza, kama anazungumza habari ya mvua, "Nyuki hawagombani na mtu. Wanahama tu."

Lile bani ni la mjomba wangu. Na ada yangu ya mwaka wa kwanza imetoka kwenye lile bani.

Kwa hiyo sitaki mtu aniambie eti wakulima wa tumbaku ni wabaya. Tumbaku ya mvuke ndiyo inayosomesha Urambo, Kaliua, Sikonge, na inayoezeka nyumba za bati mnazoziona mkipita na basi. Nyuki hawamlipi mtu ada kwa wakati. Tumbaku ina mnunuzi, ina mkopo wa mbolea, ina mzani. Lakini ili jani liive na kuwa la rangi ya dhahabu linahitaji moto usiku na mchana kwa siku kadhaa, na moto huo unakula miombo. Wakulima wanatakiwa wapande miti, na wengine wanapanda, lakini mkaratusi wa miaka mitano haumpi nyuki alichokuwa anapata kwenye mtundu uliokuwa umesimama tangu enzi za Mirambo. Na nikiri pia upande wa babu: mzinga wa gome unautoa kwa kuuchuna mti, na mti uliochunwa gome unakufa. Babu mwenyewe ameua miti. Alikuwa anaua michache kwenye msitu mkubwa. Sasa msitu ni mdogo.

Na kuna upande wa tatu. Ugalla zamani lilikuwa pori la akiba, na warina asali walikuwa wanaruhusiwa kuingia kwa msimu wao. Mwaka 2019 likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Nafurahi kwa ajili ya msitu na wanyama, kweli kabisa. Lakini hifadhi ya taifa kwa mtindo wetu haina nafasi ya mtu na mzinga wake. Ndipo nikakumbuka lile neno la kwenye filamu, mandhari ambayo watu bado wanaifanyia kazi. Saint-Émilion walipotambuliwa hakuna aliyewaambia wakulima wa zabibu waondoke ili mandhari ibaki nzuri. Mkulima ndiye mandhari. Sisi tumejifunza namna mbili tu za kuutazama msitu: ama tunautoa watu ili mgeni aone wanyama, ama tunaukata wote tukaushe jani. Babu hayumo katika picha zote mbili. Mtu anayeishi ndani ya msitu bila kuumaliza, anayeujua mti kwa ladha, hatujampa jina wala kibao barabarani.

Msimamo wangu basi ni huu. Urithi wa Tabora si tembe moja. Ni njia na msitu wake, asali, matobolwa, mlango wa nakshi, utani, na yale machungu ya minyororo, na vyote hivyo ni habari moja. Pembe zilitoka msituni, nta ilitoka msituni, chakula cha njiani kilianikwa vijijini pembeni yake. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipigana na Wajerumani hapa hapa mpaka Januari 1893, akajilipua kwa baruti ngomeni mwake kuliko kukamatwa, na alichokuwa anakilinda ni haki ya kuitawala njia hii na ushuru wake. Ukimpeleka mgeni Kwihara dakika arobaini ukamrudisha hotelini kula chipsi na soda, umemwonyesha mlango ukamficha nyumba.

Na nasema asali ndiyo iwe ya kwanza kwa sababu ndiyo pekee inayoweza kushindana na bani. Hotuba haishindani na bani. Mjomba hatabadilika kwa sababu nimeandika hapa. Lakini asali ikiwa na jina la kijiji juu yake, ikauzwa kwa bei ya kitu chenye jina, na mgeni akaja kulala siku mbili akamlipa babu kwa kuonja tu, hapo mjomba ataanza kupiga hesabu. Namjua. Ni Mnyamwezi wa biashara, akiona mti uliosimama unamlipa kuliko gogo, shoka litapumzika. Nilimpigia Jumapili nikamweleza. Akacheka sana. Halafu akaniuliza, "Huyo Mfaransa analipa shilingi ngapi kuonja?" Alikuwa anatania, lakini aliuliza.

Wapo mtakaosema barabara, hoteli, matangazo, serikali iko wapi. Sawa, hayo yapo, na treni ya kisasa iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 nayo reli yake inajengwa kuja huku. Siku itakapofika Tabora watu watashuka stesheni na kuuliza kuna nini. Sisi tunaosomea utalii na historia mji huu huu tutawajibu nini? Tutawaonyesha miembe? (Na miembe nayo, mtani, ina habari yake. Mingi ilipandwa na hao hao wa misafara, ndiyo maana huku ukifuata miembe mizee unafuata njia ya zamani. Ulinitania kwa kitu usichokijua.)

Mimi nimeanza na kidogo ninachoweza. Nimechukua daftari la kaunta, nimeandika majina ya miti kumi na nne aliyonitajia babu kwa simu, na upande wa pili ladha ya asali ya kila mmoja kama anavyoieleza yeye. Mti wa tisa alibisha na bibi dakika nzima nikiwa nasikiliza na vocha yangu inakwisha. Nimeandika maelezo yote mawili.

Jumamosi ya wiki ijayo tunakwenda Sikonge kwa babu, asubuhi na mapema, na basi la kwanza halisubiri mtu. Tupo watano mpaka sasa. Njooni na viatu vya kufunika, mashati ya mikono mirefu, msijipulize marashi, nyuki hawayapendi. Na kila mtu aje na chombo chake kisafi, sitaki kuona chupa ya konyagi. Yule dada wa "siku moja tu pale" amejiandikisha wa kwanza. Mtani naye anakuja, amekubali kubeba ndoo ya asali kutoka kwa babu mpaka barabarani kama mpagazi kamili. Ila anadai kabla ya kuingia nchi ya Wanyamwezi alipwe hongo. Nimemwambia amechanganya, anayepita ndiye anayelipa.

Tunaendelea kubishana.